Makabati Yanayonata

Fundi huanza kwa kugusa. Hajafungua mkoba, hajawasha taa. Anapanda vidato vya gari, anasimama kwenye ujia mwembamba kati ya jiko na meza ya kulia, kisha anapitisha mgongo wa vidole juu ya milango ya makabati, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini. Ncha za vidole vyake zimeota sugu kwa miaka ya randa na patasi, hazina habari tena. Mgongo wa vidole bado unasikia. Mahali kidole kinaponaswa kidogo kabla ya kuachiliwa, anabandika kipande cha utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi. Muda wote huo hasemi neno.

Akimaliza, gari zima lina ramani. Utepe umejaa kuzunguka vishikio, kwenye ukingo wa droo ya vijiko, kwenye mlango ulio chini ya sinki na ule ulio juu ya jiko. Pembe za juu, ambako mkono wa mtu haufiki mara kwa mara, hazina hata kipande kimoja: huko laka ya kiwandani ingali ngumu, imegeuka rangi ya kaharabu kwa umri, na bado inang'aa. Mlango mmoja wa chini, karibu na kitanda, unanata kwa kimo cha mtoto wa miaka minne.

"Hapa ndipo watu walipoishi," ananiambia, akiuonyesha huo.

Gari lenyewe ni la miaka ya 1970, gari-nyumba la Kimarekani: usukani mbele, kitanda nyuma, na katikati jiko la gesi, jokofu, choo, na kabati la mwaloni kila mahali palipoweza kutiwa kabati. Tuko Elkhart, mji wa kaskazini mwa jimbo la Indiana, kitovu cha utengenezaji wa magari ya namna hii nchini Marekani. Hata jumba la makumbusho ya magari hayo liko huko. Wafanyakazi wengi wa viwanda vya eneo hilo ni Waamishi, waumini ambao kwa desturi ya dini yao hawamiliki magari, na ndio hao waliojenga nyumba za magurudumu zisizo idadi kwa ajili ya wenzao wanaopenda safari. Fundi wangu si Mwamishi. Ni mtu wa Tanga, alijifunza useremala kwa mjomba wake kabla ya kuhamia Marekani, akafunga makabati kiwandani miaka mingi, na sasa amestaafu na kuhamishia kazi kwenye gereji ya nyumbani kwake. Mimi namwita Mzee. Yeye huniita mwanangu, na mvi zangu hazimshughulishi.

Kwa nini mbao iliyopakwa vizuri ije kunata? Wengi hudhani ni uchafu tu, mafuta ya kupikia yaliyoganda, na kwa sehemu wako sahihi. Lakini ugonjwa una mzizi zaidi ya huo. Viwanda vya samani vya wakati ule vilipuliza laka ya nitroselulosi, kwa sababu hukauka kwa dakika chache na kazi ikasonga mbele. Laka hiyo hukauka kwa njia moja tu: tina iliyomo inapaa, kinachobaki kinakuwa utando. Haijifungi kikemia kama inavyofanya vanishi ya mafuta. Ndiyo maana hata baada ya miaka hamsini tina itaiyeyusha tena, na ndiyo maana vitu vingine pia vinaweza kuilegeza. Mafuta ya ngozi ya binadamu yana asidi zinazopenya polepole ndani ya utando kila mkono unaposhika mlango. Ongeza mvuke wa kikaango, ongeza joto la gari lililofungwa juani mwezi wa Julai, kisha zidisha kwa miaka. Laka inalegea kuanzia juu kwenda ndani, mpaka inafika hali ya kutokuwa ngumu wala majimaji.

Kabla hajagusa chupa yoyote, Mzee anatoka nje na kufunga mtungi wa gesi. Jokofu la gari kama hili hutumia gesi, na ndani yake kuna kimwali kidogo kinachowaka daima. Kimwali hicho na mvuke wa tina havikai chumba kimoja. Anafungua madirisha yote, anaweka feni mlangoni ikipuliza kwenda nje. Halafu anaanza kung'oa milango. Kila mlango unapewa namba, na namba inaandikwa kwenye utepe chini ya bawaba, mahali ambapo hapatapakwa kitu. Namba hiyohiyo inakwenda kwenye fremu. Skrubu za kila bawaba zinaingia kwenye trei ya mayai, kila shimo na namba yake. Nilimuuliza kwa nini asizichanganye ikiwa zote ni za saizi moja. Akasema kila skrubu imeizoea njia yake ndani ya mbao. Ukiipeleka kwenye tundu la mwenzake inakata njia mpya, na kishimo kinalegea.

Kuosha ni hatua ndefu kuliko inavyoonekana. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi. Hamwagi maji hata kidogo, kwa sababu katikati ya kila mlango kuna bamba la plaiwudi, na plaiwudi ya zamani ikinywa maji kwenye ukingo huachana matabaka. Anafuta kwa kufuata nyuzi za mbao, anakausha papo hapo kwa kitambaa kingine. Kisha anarudia yote kwa tapentaini, akitumia vitambaa viwili: kimoja kinapeleka, cha pili kinachukua. Kitambaa cha kuchukua anakigeuza kila baada ya viganja viwili vya mbao. Kikishaiva pande zote kinatupwa. Wengi hukosea hapo. Hufuta mlango mzima kwa kitambaa kimoja, na mafuta waliyoyatoa juu wanayarudisha chini.

Baada ya hapo milango ilikuwa safi, mikavu, inateleza. Mtu mwenye pupa angefungua mkebe wa vanishi saa ileile. Mzee aliiegemeza ukutani, akafunga gereji, akaenda kulala.

Usiku huo mmoja ndio kipimo chake kikuu, na mimi naona ustadi wake wote umo humo. Asubuhi anagusa tena. Milango ambayo ilinata kwa uchafu wa juu tu inabaki mikavu. Hiyo anaiweka kando, itang'arishwa kidogo na kurudi mahali pake. Mingine imeanza kunata tena, kwa sababu mafuta yaliyozama ndani ya laka yamepanda juu. Kati ya milango 14, mitano ilikuwa imepona kwa kuoshwa. Fundi aliyekwangua yote 14 angelipwa zaidi.

Kwa ile tisa kuna swali moja la kuulizwa: huu ni utando wa nini hasa? Nyuma ya bawaba anadondosha tone la spiriti na kungoja. Hakuna kinachotokea, kwa hiyo si shelaki. Pembeni yake anadondosha tone la tina. Baada ya muda mfupi anagusa kwa kijiti chenye pamba, na pamba inatoka na rangi ya kahawia. Ni laka. Wapo mafundi ambao wakishajua hivyo huifuta laka yote kwa tina, ikayeyuka na kujilaza upya, wakahesabu kazi imekwisha. Njia hiyo ni nzuri kwa laka iliyochoka na kupasuka nyufa ndogondogo. Kwa laka iliyokunywa mafuta haifai. "Mafuta yatakwenda wapi?" anauliza Mzee. "Umeyakoroga tu."

Basi sehemu iliyolegea lazima itoke, na chombo cha kuitoa ni kibamba cha chuma cha mstatili kinachoenea kiganjani, unene wake haufiki milimita moja. Hakina mpini wala skrubu. Mtu asiyekijua angekitupa pamoja na vyuma chakavu. Anakibana kwenye jiliwa na kuunyoosha ukingo wake kwa tupa mpaka uwe mraba kamili, kisha anaulainisha kwenye kinoo, kwanza ukingo, halafu pande zote mbili, mpaka mikwaruzo ya tupa imepotea. Inayofuata ni fimbo ya chuma kigumu, ya mviringo. Anatia tone la mafuta kwenye ukingo, anapitisha fimbo kwa kubana, mara mbili au tatu, akiiinamisha kiasi. Chuma kinasukumwa nje kwenye kona na kujikunja kuwa kulabu ndogo mno. Jicho haliioni. Anapitisha kidole gumba kutoka katikati ya kibamba kwenda nje, kidole kinakwama, anaridhika. Kulabu hiyo ndiyo itakayokata. Kibamba chenyewe ni cha kuibeba tu.

Anakishika kwa mikono miwili, vidole gumba nyuma, anakikunja kidogo katikati ili kona zisichimbe mbao, anakiinamisha kuelekea mbele na kusukuma. Kwenye laka ngumu kinatoa unga mkavu. Kwenye ile iliyolegea, laka inatoka kama ulimbo, inajikusanya kwenye ukingo na kung'ang'ania. Anasimama, anafuta kibamba kwa kitambaa chenye tina, anasukuma tena. Anasukuma mara nne, anafuta. Mwendo huo haubadiliki asubuhi nzima. Kilichonishangaza ni kwamba haangalii sana anachofanya, anasikiliza. Juu ya laka sauti ni nzito, ya kuburuta. Kibamba kinapofika kwenye mwaloni mtupu sauti inakuwa kavu, na wakati huohuo mkono wake unasimama. Hajakata mbao hata ukucha. Alama ya kahawia ndani ya vitundu vya mwaloni inabaki, na chini ya mng'aro mpya itaonekana ni mbao ileile ya zamani.

Hakwangui mpaka mwisho wa unato tu. Angefanya hivyo lingebaki doa lenye mpaka unaoonekana. Fremu ya mlango ina miimo miwili ya wima na vipingo viwili vya mlalo. Ukinata mwimo wenye kishikio, anaukwangua wote, kutoka ungio hadi ungio, na kipingo hakigusi. Mpaka kati ya kipya na cha zamani unaangukia pale ambapo nyuzi za mbao zinabadilika mwelekeo zenyewe, na jicho linaukubali.

Bamba la katikati ni habari nyingine. Uso wake ni vinia, ngozi nyembamba ya mwaloni iliyogandishwa juu ya plaiwudi, na unene wake si wa kuchezea. Kibamba cha chuma kikiteleza mara moja kimefika kwenye gundi. Hapo Mzee anaweka chuma chini na kuchukua brashi. Anapaka tina kwenye eneo la ukubwa wa sahani, anahesabu polepole kimoyomoyo, anasugua kwa pedi laini ya nailoni na kufuta kwa kitambaa safi, kisha anarudia mahali palepale, mara ya tatu ikibidi. Pamba ya chuma, ambayo mafundi wengi huipenda, haitumii kamwe kwenye mwaloni. Mbao hiyo ina tanini nyingi. Vipande vidogo vya chuma vikibaki ndani ya vitundu vyake na siku moja vikakutana na unyevu, vinageuka madoa meusi.

Siku hizi wanunuzi wengi wa magari haya huyapaka makabati yote rangi nyeupe, kwa madai kwamba ndani panapata nuru. Mimi sipendi, na sitaficha. Mwaloni wa miaka hamsini ukishafunikwa na rangi nyeupe, gari linafanana na chumba cha kulipia cha hoteli yoyote. Mzee ni mpole kuliko mimi. Anasema tu kwamba rangi juu ya laka inayonata itabambuka kabla ya majira mawili ya joto kupita, na kwamba watu hao watamletea kazi.

Msasa unakuja sasa, na kwa uchache. Namba 180 kwenye miimo, 220 kwenye vinia, kwa mkono, karatasi ikiwa imezungushwa kwenye kipande cha koki. Mashine ya msasa ipo ukutani, haishuki. Mjomba wake kule Tanga alikuwa bado akilainisha vitu vidogo kwa majani ya mti wa msasa, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na labda ndiko alikopata huo mkono mwepesi. Vumbi analiondoa kwa brashi, halafu kwa kitambaa kilichogusishwa spiriti.

Tatizo linalobaki ni rangi. Mwaloni uliokwanguliwa ni mweupe kiasi, na kando yake kipingo chenye laka ya zamani kina rangi ya kaharabu. Dawa ni shelaki. Hiyo ni utomvu wa mdudu mdogo wa India na Thailand anayeishi juu ya matawi ya miti. Husafishwa, hukaushwa kuwa vipande vyembamba, na huyeyushwa kwa spiriti. Mzee alianza kuitumia Tanga kabla hajaota ndevu. Huichanganya nyepesi, kama gramu 120 kwa lita, na huchagua iliyoondolewa nta, kwa sababu vanishi haishiki vizuri juu ya nta. Anafunga bonge la pamba ndani ya kitambaa cha shati kuukuu, analilowesha, analikamua kidogo, na kulipitisha juu ya mwimo kwa mkono usiosimama: likisimama linaganda na kung'oa kilicho chini yake. Kila mkono wa shelaki unatia rangi kidogo tu. Baada ya kila mmoja anautoa mlango nje, anauweka kando ya ule wa zamani kwenye nuru ya mchana, anakunja macho. Taa ya umeme haiamini. Kwenye mwimo wa kishikio cha jokofu alifika mkono wa tano ndipo akatikisa kichwa kukubali.

Shelaki inafanya na kazi ya pili isiyoonekana. Miaka ya dawa za kupuliza za kung'arishia samani huacha silikoni ndani ya mbao, na silikoni ikikutana na vanishi mbichi huifukuza, utando ukajaa visima vidogo vya mviringo. Shelaki huifungia chini. Lakini peke yake haitoshi kwa jikoni: tone la pombe huiyeyusha, sabuni kali yenye amonia huiharibu, na sufuria ya moto huiachia duara jeupe. Kwa hiyo juu yake inakuja vanishi ya mafuta, iliyopunguzwa kwa tapentaini na kupakwa kwa kitambaa, mikono mitatu, kila mmoja ukipewa siku nzima ukauke na kukwaruzwa kwa msasa namba 320 kabla ya unaofuata. Ni nyembamba kwa makusudi. Gari hili litalala kwenye theluji ya Indiana na kuchemka kwenye jua la Arizona, na utando mnene hupasuka mbao inapovimba na kusinyaa.

Vitambaa vya vanishi havitupi. Anavitundika nje kwenye waya, kimoja kimoja, vikiwa vimetandazwa. Kitambaa chenye mafuta ya namna hiyo kikikunjwa na kusahauliwa pembeni kinaweza kujipasha joto mpaka kikawaka chenyewe, na gereji nyingi zimeungua hivyo.

Kurudisha milango ni kazi ya asubuhi moja, kwa kuwa namba zote zipo. Muda wake mwingi unakwenda kwenye makomeo. Kabati la nyumbani likifunguka, limefunguka. Kabati la gari likifunguka kwenye kona, sahani zimekwisha. Nyumba hizi zilijengwa ziende: mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa trela za kampuni yake kutoka Cape Town hadi Cairo, kwenye barabara ambazo nyingi hazikuwa barabara. Mzee anafunga kila mlango na kuupiga kwa kiganja kutoka ndani na pembeni. Vile vidude vya plastiki laini vya kuzuia kishindo, vilivyokuwa vimebandikwa nyuma ya milango, amevitupa vyote na kuweka vya sufi iliyoshindiliwa. Plastiki hiyo hutoa mafuta yake yenyewe, na penye vidude hivyo laka ilikuwa imelainika kwa miduara midogo.

Wenye gari, mume na mke waliostaafu, walipokuja kulichukua waliambiwa mambo mawili: wasubiri mwezi mmoja kabla ya kuosha milango kwa sabuni, na baada ya hapo wafute sehemu za vishikio kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu. Dawa ya kupuliza, marufuku.

Nawe msomaji, kama una kabati la zamani linalonata, iwe ni Mombasa, Tanga au Muscat, usipake kitu juu yake kabla hujaliosha na kulipa usiku mmoja. Likiamka kavu, umeokoa fedha zako. Likiamka linanata, sehemu hiyo itoke kwanza, maana vanishi mpya juu ya laka iliyolegea haitakauka sawasawa, na utalazimika kuzikwangua zote mbili.